Bibi Aliyekuja Kuomba Moto

Ipo asubuhi moja ya Julai, mwanangu, ambayo sijawahi kuisimulia yote, hata kwa mama yako aliyekuwamo. Imenirudia tangu Jumapili, uliponiambia kwenye simu kwamba huko mjini Sombetini hamjaliona jua wiki nzima, kwamba saa sita mchana watoto bado wana nguo za kulalia na wewe umekaa kitandani unawatazama tu, na kwamba umeingiza jiko la mkaa chumbani mpate joto. Hilo la mwisho ulilisema haraka, kama jambo dogo. Kwangu si dogo.

Mama yetu tulimzika mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeshika. Baba alikuwa ametangulia. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nikaacha shule nibaki na wadogo zangu: Eliamani wa miaka tisa, Nuru wa sita, na mama yako Tumaini, ambaye hata miaka mitatu hakuwa ameifikisha. Kanisani watu walinishika mkono wakasema huyu binti ni jasiri. Na kweli, wakati wa mvua nilikuwa na nguvu. Nilipalilia, nikakata majani ya ng'ombe, nikafua. Kisha kikaja kipupwe.

Wewe umezaliwa mjini, baridi ya huku mlimani huijui. Ukungu unashuka hadi migombani na unakaa hapo. Tunaishi mgongoni mwa Meru, lakini mlima wenyewe hatuuoni wiki hata tatu. Nguo za mtoto hazikauki, godoro linashika unyevu. Nikaanza kuishiwa nguvu, si za kubebea mzigo, ni zile za kuanzia kazi. Niliuona ufagio, nikajua nyumba inataka kufagiwa, na mkono haukwenda. Kahawa ilianza kuiva nikaiacha ianguke. Niliacha kuwaamsha wakubwa waende shule. Tumaini akililia uji, nilimkaripia kana kwamba ameniibia kitu.

Jiko letu lilikuwa kibanda cha pembeni, kama majiko yote ya hapa, hatua ishirini kutoka mlangoni. Hatua hizo zilinishinda. Mama alikuwa ameacha nusu gunia la mkaa, alioutumia kupigia pasi sare za shule tu. Asubuhi hiyo nikauwasha ndani, kwenye karai, nikafunga dirisha, nikasokota blanketi na kuziba chini ya mlango. Kuni ukiziwasha ndani zinakutoa nje kwa moshi. Mkaa ulikaa kimya, mwekundu, mzuri. Tukalala tena wote wanne. Kichwa kilipoanza kuniuma nilidhani ni majonzi.

Jirani yetu, Bibi Ruthi, alikuwa na desturi ya wazee wa wakati ule: moto wake ukizimika, anakuja na kopo kuomba kaa la moto kwa jirani. Alipiga hodi. Nilimsikia kwa mbali, nikataka kuitika, mdomo ukakataa. Basi akausukuma mlango ule kwa bega, mwanamke wa miaka sabini, akatuburuta mmoja mmoja hadi migombani.

Mama yako ndiye hakulia. Alikuwa amelegea kama nguo iliyolowa. Bibi alimbeba akizunguka naye kwenye manyunyu, akimpigapiga nyayo na kumwita jina. Nilikuwa nimepiga magoti nikitapika, namtazama, na sikuweza hata kumwomba Mungu. Hadi leo sijui ulikuwa muda gani. Kisha Tumaini akatapika, akalia. Sijawahi kusikia sauti nyingine nzuri hivyo.

"Wewe binti," Bibi alisema, bado anahema, "unaziba nyumba hivyo, mnasafiri kwenda wapi?"

"Ilikuwa baridi, Bibi."

"Baridi! Mimi nimeishi na hii baridi tangu kuzaliwa, mbona nipo?"

Ndipo nikasema nililokuwa sijamwambia mtu. "Sitaki kuamka, Bibi. Kila siku sitaki."

Nilisubiri anikemee, aniambie nimkumbuke mama. Alimfunika Tumaini kwa kitenge chake.

"Sikukuuliza kama unataka," akasema. "Moto wangu umezimika. Kesho nitakuja kuuomba tena, nao nataka niukute jikoni."

Akaja. Akaja na keshokutwa yake. Nilimwamkia shikamoo kwa kununa, naye akajibu, "Marahaba, lete moto." Siku moja nilijifunika gubigubi nikitumaini atachoka aende zake. Akasimama nje kwenye manyunyu, akikohoa kwa makusudi kama mbuzi, hadi nikaona aibu nikatoka. Na moto ukishawaka, mtu anabandika maji. Maji yakichemka, uji unapikwa. Watoto wakishiba wanaweza kwenda shule. Moyo ulibaki mzito vilevile, mwanangu, sitakudanganya. Lakini mlango ulikuwa wazi kila siku.

Mwezi wa tisa, jua liliporudi, Bibi aliugua mguu nikaenda kumpikia. Nikakuta kwenye mafiga yake makaa yamefukiwa vizuri chini ya majivu, na kiberiti kikavu juu ya dari ya kuni.

"Bibi, kumbe moto unao!"

Alicheka hadi akashika ubavu. "Ulidhani nimezeekaje bila moto?"

Sasa nisikilize. Toa hilo jiko nje leo, kabla hujamaliza kusoma ujumbe huu. Fungua dirisha, baridi iingie, wavike watoto masweta mawili mawili. Usingoje kutaka ndipo uamke. Mimi kipupwe hunirudia kila mwaka, na kutaka huchelewa sana. Anza na jambo moja dogo ambalo mtu mwingine atalijua usipolifanya. Na jua likirudi ukajikuta bado uko hapo ulipo, twende zahanati ukamweleze daktari kama ulivyonieleza mimi. Nitakaa na watoto. Si aibu. Aibu ni ile niliyokaribia kuifanya, ya kunyamaza na wadogo zangu ndani.

Mungu aliyemrudishia mama yako pumzi awalinde wewe na watoto wako, na ukungu ukikawia asikuache peke yako ndani yake.

Kesho saa moja asubuhi simu yako italia. Ni mimi. Nitakuwa nimeshakunywa chai, na kiberiti kitakuwa mfukoni mwangu. Lakini nitakuomba moto, na nitangoja kwenye simu hadi nisikie umefungua mlango.