Saa Tisa Penye Mawe Bapa

Kwa miaka ishirini na sita, mashuka ya zahanati na ya bweni la walimu yamepita mikononi mwa dobi mmoja, mwanamke mfupi, mcheshi, aitwaye Bi Mapovu. Huyafua mtoni, kwenye kona iliyo chini ya jabali, na kuyaanika juu ya mawe bapa. Saa tisa alasiri wanawake wenzake hushuka hapo kuoga na kupashana habari, na hakuna mwanamume anayethubutu kukatiza.

Ijumaa moja wanakijiji waliitwa shuleni kupanga mambo ya utalii. Ofisa kijana, mpole, alibandika ramani ubaoni, akaeleza kuwa wageni watakuja kutazama maporomoko, vijana watapata kazi ya kuwatembeza, na hakuna kitakachojengwa bila ridhaa ya wenyeji. Watu wakapiga makofi. Kisha akaonyesha kwa rula mahali pa jukwaa la kutazamia: juu ya jabali, mkabala na mawe bapa.

Bi Mapovu aliwageukia wenzake, akakuta kila mmoja anakagua kucha zake. Nani angetamka neno kuoga mbele ya wanaume wote wale? Isitoshe, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao ni mkwewe, mume wa bintiye. Ofisa aliuliza mara mbili kama kuna mwenye neno, akaanza kukunja ramani. Bi Mapovu akasimama, macho sakafuni.

"Mwanangu, kule juu ulipanda saa ngapi?"

"Asubuhi, mama, saa mbili. Palikuwa patupu, pametulia kabisa."

"Basi rudi saa tisa. Ila usije peke yako. Njoo na mama yako, umtangulize yeye."

Shangazi mmoja huko nyuma akaangua kicheko, na darasa zima likamfuata. Mkwe aliinama hadi pua ikakaribia karatasi. Ofisa, akiwa ameelewa, aliikunjua tena ramani na kumkabidhi Bi Mapovu penseli.

Hakuwahi kushika ramani, lakini mto aliujua kwa magoti yake. Aliufuata mchoro kwa kidole kilichochujuka kwa sabuni, akaipita kona, akatia alama ng'ambo, kwenye kilima kinachoyaona maporomoko yote na kuipa kona mgongo. Wanawake wakasahau kucha zao, wakamzunguka, wakabishana njia ipinde wapi kukwepa matope.

Kesho yake mkwe alimletea nakala ya kumbukumbu. Ilisomeka: "Jukwaa limehamishwa. Sababu: mandhari bora zaidi."

Bi Mapovu alicheka mpaka akaketi juu ya mashuka safi, ikambidi ayafue upya.