Kurekodi Nikiwa Likizo ya Uzazi

Nilikwenda kurekodi siku ya ishirini na mbili baada ya kujifungua mtoto ambaye hakulia. Hesabu hiyo naijua kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa akiitaja kila asubuhi aliponiletea uji wa uwele. Leo ya kumi na tano. Leo ya kumi na sita. Kunywa wote, damu irudi. Kwao mtoto aliyezaliwa hivyo hawekewi matanga wala hazungumzwi. Mume wangu alimpeleka kijijini siku ileile, wanawake wazima wa ukoo wakamzika nyuma ya nyumba ya mama mkwe, mimi nikiwa bado kitandani hospitali. Niliporudi nyumbani hapakuwa na turubai, wala viti, wala watu. Sebule ilikuwa imefagiliwa tu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Chamwino. Likizo yangu ya uzazi ilikuwa imeshasainiwa, kwa hiyo nilikuwa na wiki nyingi za kukaa nyumbani na mtoto, na mtoto hayupo. Mume wangu ni dereva wa idara moja ya serikali mjini. Alikuwa akiondoka jua likiwa bado halijawa kali. Mimi nilifagia uani, upepo wa Oktoba ukarudisha vumbi, nikafagia tena. Sikulia. Waliokuja kunipa pole walinitazama usoni kama wanaosubiri kitu, kisha wakasema utapata mwingine, na mimi nikasema amina. Walipoondoka nilikuwa nakusanya vikombe na kuviosha.

Maziwa ndiyo yaliyonisumbua. Yalikuja siku ya tatu kama vile hayakuambiwa. Mama mkwe alinifunga kanga kifuani, akaikaza kwa goti mgongoni kwangu mpaka nikahema juu juu, akasema yatakauka yenyewe.

Jumatano moja alikuja mwalimu wetu wa kwaya, mzee aliyestaafu, ambaye alianza kunifundisha kuimba nikiwa darasa la tano.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Pole sana."

"Nimeshapoa."

Aliizungusha kofia yake mikononi. Kwaya ilikuwa na wimbo ambao tuliufanyia mazoezi miezi yote ya ujauzito wangu, na beti zilikuwa zangu.

"Wenzako wamesharekodi kiitikio Jumamosi iliyopita," alisema. "Imebaki sauti yako. Nimekuja kukuambia usiwe na wasiwasi. Tunaweza kusubiri. Au tukampa mwingine hizo beti."

"Nitakwenda."

"Mwanangu, si lazima."

"Nitakwenda Jumamosi hii, mwalimu."

Haukuwa ushujaa. Kwa wiki tatu lilikuwa jambo la kwanza mtu kuniuliza na mimi nikawa na jibu lake.

Studio ilikuwa Nzuguni, unapokaribia kuingia mjini, katika nyumba ya mtu ambaye siku za kazi ni karani wa masjala ofisini na Jumamosi anarekodi kwaya. Hakuwa na jengo. Alikuwa na chumba kimoja cha uani ambacho ungeweza kudhani ni stoo. Ndani alikuwa amesimamisha magodoro mawili ukutani, akatundika mablanketi mazito kwenye ukuta wa tatu, akaziba dirisha kwa sponji, na sakafuni akatandika mazulia mawili, moja juu ya jingine. Nilipoingia na kusema hodi, neno liliishia hapo hapo mdomoni. Hata mimi sikulisikia vizuri.

"Ndivyo inavyotakiwa, dada," alisema. "Chumba kitupu kinakurudishia sauti yako, na maiki inachukua zote mbili, yako na ya ukuta. Hapa nataka yako peke yake."

Kompyuta na vifaa vyake vilikuwa kwenye kiveranda cha nyuma, waya ukipita chini ya mlango. Maiki ilisimama katikati ya chumba. Mbele yake aliweka duara la waya wa kutundikia nguo, alilolivika soksi ndefu ya kike ikavutika kama ngozi ya ngoma. Alinipimia kwa mkono wake: shubiri moja kutoka mdomoni hadi kwenye ile soksi. Alinivisha hedifoni, akanionyesha alama ya chaki kwenye zulia niweke miguu hapo nisiende mbele wala nyuma. Kisha akazima feni, akaenda ndani kuzima jokofu. Mwalimu wa kwaya, aliyenileta kwa gari lake, alikaa kivulini upande wa pili wa ua, akaanza kusinzia.

Mke wa yule karani alikuwa jikoni nje akichambua mchicha. Tulisalimiana. Alikuwa na mtoto mgongoni. Nilikiona kichwa kinachoning'inia, na kikofia cha sufu chenye masikio, katika joto lile. Niliangalia mchicha.

Tulianza. Kulikuwa na mstari unaosema *pokea pumzi yangu, Baba*, na kila nilipoufikia, herufi zile za P zilipiga maiki kama mtu anayegonga meza. Alinisimamisha.

"Usiielekee moja kwa moja. Geuza mdomo kidogo kulia, upepo wake upite pembeni. Sauti itaingia, upepo hautaingia."

Nikageuka. Ikawa afadhali. Tukaimba tena, mabati yakaanza kualika kwa joto, tak, tak, akasema tusubiri. Tukasubiri. Upepo ukaja ukatikisa geti la jirani, tukasubiri tena. Nilisimama kwenye chaki yangu gizani, jasho likitiririka mgongoni, na nakumbuka niliona ni mahali pazuri. Hakuna aliyeweza kunitazama usoni.

Mara ya nne alifungua mlango kidogo.

"Dada, samahani. Sauti ni safi, ila pumzi inatoka juu juu. Naisikia ikikatika kabla mstari haujaisha. Kuna kitu kinakubana?"

"Hapana."

"Kama ni mkanda, ulegeze. Mtu anaimba kwa tumbo."

Nilimwomba nionyeshwe choo. Humo nilivua blauzi, nikafungua kanga ya mama mkwe. Ilikuwa imeacha michirizi ya pindo lake ubavuni. Niliikunja nikaiweka kwenye mkoba, nikavuta pumzi mpaka chini kabisa, ya kwanza tangu siku zile. Nilisikia kizunguzungu kidogo, nikashika ukuta. Kisha nikarudi kwenye chaki.

Ubeti wa kwanza ulipita. Wa pili ukapita. Katikati ya wa tatu nikamsikia mtoto.

Alikuwa ndani ya nyumba, labda amelazwa, ila maiki ile ilikuwa kali kuliko sikio. Ilimchukua kupitia ukuta, kupitia godoro, ikamleta kwenye hedifoni, masikioni mwangu mote mawili, karibu kuliko nilivyowahi kumsikia mtoto yeyote. Kilio cha njaa, kinachopanda na kukatika. Niliendelea kuimba. Sikuwaza kitu. Nilisikia tu matiti yakisisimka, kama sindano nyingi ndogo, na maziwa yakatoka. Yalilowesha blauzi, yakashuka tumboni hadi kwenye mkanda wa sketi. Niliendelea kuimba mpaka muziki ukakatwa.

"Tusubiri," alisema kwenye hedifoni. "Maiki imemdaka mtoto." Nikamsikia akimwita mkewe. "Mama, mnyonyeshe huyo! Au mpeleke kwa jirani kidogo."

Kilio kikapungua, kikanyamaza. Nilisimama na nguo iliyoloa, harufu ya maziwa ikajaa kile chumba kisicho na hewa. Nilifikiri kwamba mazulia yatadondokewa. Nikasogeza mguu.

"Tayari, dada?"

"Tayari."

Niliuimba wote kutoka mwanzo bila kusimama. Sikumwimbia Mungu wala mtu. Nilihesabu mapigo, niligeuza mdomo kulia kwenye *pokea*, nilishusha pumzi tumboni, nilisimama kwenye chaki. Nilipomaliza, mlango ukafunguliwa. Yule bwana alikuwa ameshika hedifoni zake mkononi.

"Hii ndiyo," alisema polepole. "Hii sitaigusa."

Alikuwa amegeukia kompyuta yake, hakuona blauzi. Nilipita pembeni nikiwa nimekumbatia mkoba kifuani, nikatoka hadi jikoni. Mkewe ndiye aliyeona. Alikuwa ameketi kwenye kigoda ananyonyesha, akaniangalia kifua, akatabasamu kwa namna ya wanawake wanaojuana.

"Umemwacha na nani? Wako ana miezi mingapi?"

Nikasema, "Hakuishi."

Nilikuwa sijawahi kulitamka. Watu wote waliokuja nyumbani walikuwa wanajua tayari.

Tabasamu lilimtoka. Nilisubiri aseme utapata mwingine. Alimhamisha mtoto titi la pili, akanyoosha kikofia chake.

"Wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Mlimpa jina?"

"Tulikuwa tumempa."

"Nani?"

Nikamtajia. Akalirudia jina lile taratibu, kama mtu anayelijaribu mdomoni, akasema ni jina zuri, ana shangazi yake huko Chemba anaitwa hivyo. Nikadhani sasa ndiyo nalia. Ilikuwa kwikwi. Nilipata kwikwi kwa muda mrefu, akanipa maji. Nikamwambia habari ya kanga.

"Waliokufunga kifua walikuambia ukamue?"

"Hapana."

"Yatafanya uvimbe, upate homa. Usikamue yote, yatazidi kuja. Kidogo tu, maumivu yapungue. Njoo."

Alimlaza mtoto kitandani, akanipeleka bafuni na bakuli na kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akasimama nje ya pazia akiniambia la kufanya: anza juu, shuka, usibane chuchu. Yakatoka. Nilipomaliza nilimuuliza niyamwage wapi.

"Popote, dada. Ni maziwa."

Nikayamwaga kwenye tundu la bafu, nikafuatisha maji. Alinipa blauzi yake, kubwa kwangu mabegani. Mwalimu wa kwaya aliamka na kuuliza kama tumemaliza. Tukapanda gari lake tukarudi Chamwino, akizungumzia bei ya alizeti njia nzima. Mama mkwe aliiona blauzi ngeni. Jioni nilimwambia sitafungwa tena kanga, akasema haya.

Wimbo ulitoka kabla ya Krismasi. Ulipita kwenye simu za watu wa kwaya, kisha za usharika, kisha za watu nisiowajua. Mama mmoja alinishika mkono nje ya kanisa, macho yamemlowa, akaniambia, "Ule ubeti wa tatu, mwalimu, unaimba kwa hisia mpaka mtu anasikia mwili unamsisimka." Nikamshukuru. Nyumbani niliusikiliza mara moja peke yangu. Sauti ni safi kweli. Hakuna ukuta ndani yake, hakuna bati, hakuna mtoto, herufi zote zimekaa mahali pake. Ukiniuliza ni nani anayeimba, nitasema ni mwanamke fulani aliyefundishwa vizuri.

Mume wangu aliusikia Jumapili moja akipiga viatu rangi. Nilikuwa nimeacha simu yangu mezani na mtu akanitumia tena wimbo uleule; nikaubonyeza bila kufikiri. Brashi yake ikasimama.

"Hii ndiyo ya siku ile uliyokwenda na mzee?"

"Ndiyo."

Aliusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, akiwa bado amevaa kiatu mkononi, "Nilimbeba mimi."

"Nini?"

"Siku ile. Nesi alimfunga kwenye ile kanga yako ya njano. Jirani akaendesha, mimi nikampakata mpaka kwa mama. Alikuwa na nywele nyingi. Kama za kwenu."

"Hukuniambia."

"Hukuuliza."

"Nilidhani haturuhusiwi kuzungumza."

"Na mimi nilidhani hivyo." Aliweka kiatu chini. "Unataka kupaona?"

Tulikwenda siku hiyo hiyo, barabara ya Mvumi kisha njia ya vumbi, ingawa vumbi lenyewe lilikuwa limelazwa na mvua mbili za mwanzo. Mama mkwe alikuwa amesharudi kwake. Alitupokea mlangoni kwa *mbukwenyi*, salamu ya kwao, kama kawaida, akatuangalia mmoja baada ya mwingine, akaelewa. Alitangulia nyuma ya nyumba. Kishamba cha uwele kilikuwa kimelimwa na kupandwa chote, ila mahali pamoja jembe lilizunguka, likaacha kipande kisichozidi urefu wa mkono wangu. Hapakuwa na jiwe wala alama.

Nilisimama. Nilisubiri nihisi kitu. Niliona udongo mwekundu, majani mawili matatu yaliyoanza kuchipua, sisimizi. Mume wangu alikuwa ameshika kofia.

Mama mkwe ndiye aliyezungumza, kwa Kiswahili chake cha shida kidogo, bila kunitazama.

"Nilimwosha mwenyewe. Wale wengine walisema maji yoyote tu, hajui. Mimi nikapasha moto. Kwanza nikaweka kiwiko hivi, nikapima, kama anayeogeshwa mzima."

"Asante, mama," nilisema.

Akaitikia kwa kichwa. Tulikaa pale mpaka jua likaanza kuuma, kisha akasema ugali utapoa. Alikuwa amepika mlenda. Tulinawa, tukala wote watatu kwenye sinia moja, na mimi nilikula sana siku hiyo, nikaongezewa, nikala tena.