Plagi za Injini ya Baba

Hadi leo sielewi ni nani aliyemwambia Baba kwamba injini ya mashua inaweza kutengenezewa mtaani kwetu Kaloleni, Nairobi, mahali ambapo maji yote tuliyoyajua yalitoka kwenye mfereji mmoja, tena kwa foleni. Ililetwa na lori, ikateremshwa nje ya mlango wetu juu ya mbao mbili. Ilikuwa injini ndogo ya dizeli, silinda mbili, rangi ya kijani imebambuka.

Baba alikuwa ndiyo kwanza amestaafu kazi ya reli, hiyo miaka ya tisini. Mpango wake ulikuwa mfupi: injini ikiwaka, Jumapili anaenda nayo kwao ziwani, akae huko moja kwa moja. Mpango wa Mama, aliyeuza mitumba Gikomba, ulikuwa mfupi zaidi. Yeye hang'oki Nairobi.

Mimi nilikuwa karani mjini, mtu mzima na akili zangu, lakini pale nilikuwa sijui nishike lipi. Kwa ajili ya Baba nilitaka iwake. Kwa ajili ya Mama nilitaka ife kabisa, iuzwe vyuma vikuukuu.

Baba alipoijaribu ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Akasema plagi zimekufa, nilete mbili nikitoka kazini.

"Dizeli haina plagi, siste," muuza spea aliniambia huku akicheka. "Nani amekuchezea?"

Nilirudi nimenuna. "Baba, dizeli haina plagi."

"Hizi ni za kupasha moto, si za kutoa cheche. Waambie hita."

Kesho yake nikaingia duka jingine, nikaomba hita, nikafungiwa vizuri kwenye gazeti. Baba alipofungua alikuta ile koili ya umeme ya kutumbukiza kwenye ndoo, ya kuchemshia maji ya kuoga. Akaigeuza huku na huku. Mama alicheka mpaka akaegemea ukuta, na Baba naye akashindwa kujizuia. Walikuwa hawajacheka pamoja tangu lori lije. Badala ya kufurahi, mimi nilipandwa na hasira. Kama bado wanaweza kucheka hivi, injini ni ya nini?

Jumamosi Baba akazifungua zile za zamani mwenyewe, taratibu, akihofia zisivunjikie ndani. Akanipa moja.

"Usiseme neno. Waonyeshe tu."

Nikarudi kwa yule wa kwanza. "Aaa, hita plagi!" akasema. "Si ungesema hivyo tangu juzi?" Nilitamani kumrushia ile ya zamani, lakini nikanunua mbili.

Baba alijaribu kila mpya kwenye betri mpaka ncha ikawa nyekundu. Akazifunga kwa vidole kwanza, kisha kwa spana, akarudisha waya unaoziunganisha. Injini ya mashua hupozwa na maji ya ziwa, na sisi ziwa hatukuwa nalo, kwa hiyo akatumbukiza mpira wake wa kuvutia maji kwenye karai.

"Hayo ni maji yangu ya foleni, Baba watoto," Mama alisema akiwa mlangoni.

"Kidogo tu, Mama watoto."

Akashikilia ufunguo, akangoja plagi zipate moto, akauzungusha. Ikawaka. Ikawaka kwa kelele iliyowatoa majirani wote nje, na Baba akasimama pale mikono imejaa grisi, anatabasamu kama bwana harusi. Maji kwenye karai yakaanza kwisha. Nilingoja, bila kujua ninangoja nini. Ndipo Mama, aliyeapa hataigusa takataka ile, akaja na mtungi wake akaongeza maji.

"Isije ikakuungulia huko," alisema.

Baba alimtazama. Sikujua kama Mama anamuaga au anamwomba abaki. Nilianza kulia, nikawaambia majirani ni moshi.

Jumapili Baba aliondoka na injini yake. Ile koili ilibaki, kwa sababu huko kwao hakukuwa na stima. Jumatatu asubuhi Mama aliitumia kuchemsha ndoo ya kwanza ya kuoga, akaitoa, akaitia kwenye ndoo ya pili, kama alivyozoea kuchemsha mbili kwa jiko, yake na ya Baba. Maji yalipochemka akabaki ameitazama ile ndoo. Kisha akaniita, akaniambia nikaoge kabla hayajapoa.