Siku Mama Pindo Alipolala Juu ya Maji

Mtaa mzima ulimwita Mama Pindo. Alikuwa fundi cherehani, na nguo haikutoka mikononi mwake bila kupindwa upya, hata kama mwenyewe alileta kushonewa kifungo tu. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya jengo la ghorofa. Kilikuwa na dirisha moja, na dirisha lenyewe lilitazamana na ukuta, kwa hiyo taa iliwaka tangu asubuhi mpaka anafunga.

Siku moja mteja wake, binti mmoja mchangamfu, alileta gauni la kupunguzwa kiunoni. Alikuwa anakwenda ufukweni na wenzake wa kazini kutazama jua likizama.

"Fundi, wewe ukienda huwa unakaa upande gani?" aliuliza huku akipimwa.

"Upande wa sindano."

"Usiniambie hujawahi kwenda!"

"Bahari nimeiona bwana," Mama Pindo alisema, pini amezibana mdomoni. "Kwenye kalenda."

Binti alicheka mpaka akachomwa na pini. Mama Pindo naye alicheka, lakini alipobaki peke yake kicheko kikamkauka. Alikuwa ameishi mji huo tangu aolewe. Wanawe wamekua, wameondoka, kila mmoja na maisha yake, na bahari iko mwendo wa saa moja tu kwa gari.

Jioni alimweleza mumewe, aliyekuwa fundi wa pancha kando ya barabara kuu. Mume akatikisa kichwa. "Kule ni kwa wenye nafasi, mke wangu. Ukishakaa tu kwenye kiti, umeshadaiwa."

Wifi yake Mama Pindo, dada wa huyo mume, alikuwa pembeni anakunywa chai. Aliishi nao chumba cha nyuma na hakuwa mtu wa kumung'unya maneno. Akaweka kikombe chini. "Kaka, nani kakutuma ukalie kiti chao? Mungu si kakupa makalio yenye nyama?"

Hapo mjadala ukafungwa kwa vicheko, na safari ikapangwa Jumapili.

Wifi mtu alichemsha mayai, akajaza chupa ya chai na kufunga mkate kwenye kitambaa. Mume alitoa mpira wa ndani wa gurudumu la lori, uliozibwa viraka mpaka ukawa na madoa kama chui, akaujaza upepo. Rafiki yake aliyekuwa akipeleka kreti za soda kwenye hoteli za ufukweni akakubali kuwapakia nyuma ya pikapu. Mama Pindo yeye alijishonea vazi la kuogelea kwa mabaki ya pazia: blauzi ndefu na suruali ya magotini, yenye maua ya manjano makubwa kama sahani.

"Wifi, hilo vazi meli zitakuona kutoka mbali," wifi alimwambia.

"Zinione tu. Lakini maji siingii. Jua nitalitazama nikiwa mkavu."

Hilo hakulisema kwa mzaha. Alipokuwa mtoto aliwahi kutumbukia kwenye tangi la maji nyumbani kwao, na mama yake akamwopoa kwa kumshika nywele. Tangu hapo maji aliyoyaamini ni yale ya kwenye kikombe na ndoo.

Walifika jua limeanza kulegea. Kwenye geti la hoteli mlinzi aliwapokea kwa heshima zote, akawaambia kiingilio ni bure mradi waagize chakula, akawapa karatasi ya bei. Mume aliisoma, akafikicha macho, akaisoma tena. Kisha akamrudishia mlinzi taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu aliyelala.

"Basi tena," alisema. "Tugeuze."

Mama Pindo hakugeuka. Alikuwa amevaa maua yake yote, halafu arudi akatazamane na ukuta? Akamwendea mama mmoja aliyekuwa akiuza matunda nje ya geti. "Shoga, hivi sisi wengine tunapitia wapi?"

"Nyuma ya ukuta huu," yule mama alijibu bila kuacha kumenya nanasi. "Njia ya watu wote iko pale. Hawaiwekei kibao, lakini ipo."

Kweli ilikuwepo. Ilikuwa nyembamba, ina mabomba yaliyopasuka na majani ya kuwasha. Mume alisukuma mpira mbele, wifi akabeba kapu kichwani, Mama Pindo akafunga msafara huku akishikilia suruali isikwame. Walipokata kona ya mwisho, ukuta ukaisha, na bahari ikawa mbele yao nzima.

Mama Pindo alisimama. Wimbi lilikuja, likatandaza ukingo mweupe juu ya mchanga, likauvuta, likaleta mwingine.

"Nani anapinda hii kitu kila saa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Walitandika shuka lao kuukuu hatua chache kutoka kwenye viti vya hoteli. Mlinzi wa ufukweni akawajia mbio. "Hapa ni pa wageni!"

"Tumekalia kiti, mwanangu?" Mama Pindo alimuuliza.

Kijana aliangalia viti, akaangalia shuka. "Hapana, mama. Mchanga haunihusu." Akaenda zake.

Mume na wifi wakaingia majini na ule mpira. Hazikupita dakika nyingi, mwanamke mmoja mwenye miwani nyeusi akainuka kwenye kiti chake cha hoteli. "Samahani kaka, hilo boya mmekodi wapi?"

"Hili?" mume alisema kwa fahari. "Hili limebeba kokoto, dada."

Mwanamke akaomba apande kidogo. Baada yake akaja mwenzake, halafu mzee mwenye kitambi. Mume akawa ndiye mgawa zamu, anawapanga kama abiria. Mama Pindo aliwatazama wageni wale wakiteleza, wakipindukia, wakipiga mayowe na kumshika mumewe shingo. Akagundua kitu. Wale nao walikuwa wanaogopa. Ila walikuwa wanaogopa wakiwa ndani.

Akainuka. Akapiga moyo konde, akatembea na maua yake mpaka maji yakamfika magotini.

"Wifi! Njoo unishike kabla sijabadili mawazo!"

Wifi, ambaye utotoni alijifunza kuogelea wakati kaka yake akikimbia hata maji ya kuoga, alikuja akamshika mgongo. "Lala kama unalala kitandani. Tumbo juu. Kichwa nipe mimi."

"Ukiniachia nitakufuata mpaka kaburini."

"Sawa, tutazikwa wote. Lala."

Alilala. Maji yakamwingia masikioni, kelele zote zikazimika. Alisikia pumzi yake tu. Mwili aliouinamisha juu ya cherehani miaka na miaka ukanyooka wote, mgongo ukaacha kuuma, na juu yake mbingu ikageuka rangi ya chungwa, halafu nyekundu, halafu rangi asiyowahi kuikuta kwenye jora lolote. Alikaa hivyo muda mrefu. Alipogeuza macho amshukuru wifi yake, akamwona amesimama kando, mikono yote miwili hewani.

"Umeniachia!"

"Zamani!"

Mama Pindo alipiga kelele ya furaha iliyowafanya watu wa viti wageuke. Mzee mwenye kitambi alianza kupiga makofi, wengine wakamfuata, na mumewe akaupigapiga ule mpira kama ngoma. Mama Pindo alisimama majini, nywele zimemlowa, akainua mikono kama bondia aliyeshinda.

Walikula mayai na mkate wakiwa wanatetemeka, na mkate haukuwahi kuwa mtamu vile. Wakiwa nyuma ya pikapu katikati ya kreti tupu, mume alimfunika shuka mabegani.

"Haya, umeridhika? Jua umeliona likizama?"

Mama Pindo akaanza kucheka, akacheka mpaka akamwegemea wifi yake.

"Nililiona saa ngapi, baba? Nilikuwa nimelala chali!"

"Kwa hiyo safari yote hii..."

"Kwa hiyo Jumapili ijayo," alisema, "mwambie rafiki yako atupitie mapema."