Ndege Aliyoiacha Kando ya Mto

Alikuwa mkata lenzi katika duka la miwani. Kazi yake ilikuwa katika chumba cha nyuma, mashine ikivuma na maji yakimrushia unga mweupe kwenye aproni, na wateja wengi hawakuwahi kumwona. Wenzake walimwita Mama Lenzi. Jioni alirudi kwenye nyumba ambayo, tangu mumewe afariki, ilikuwa kimya kiasi cha kusikia friji ikijizima.

Mumewe alikuwa fundi wa malori. Hakuwahi kupanda ndege maishani, lakini chumba kidogo cha uani alikigeuza chumba cha rubani: kompyuta, kioo kikubwa, usukani, na pedali alizozikaza kwenye ubao kwa nati za lori. Kila Jumamosi mchana, katika mchezo wa kompyuta wa urubani, alirusha ndege moja tu, ndogo, ya porini, yenye mabawa juu ya paa na magurudumu manene ya kutua kwenye nyasi na mchanga. Mkewe aliwahi kukaa pembeni yake mara moja, akashikwa na kichefuchefu kabla ndege haijaacha ardhi. Mume alicheka mpaka machozi yakamtoka. Baada ya hapo kila mtu akawa na Jumamosi yake.

Wifi yake alipokuja kumsaidia kupanga nguo za marehemu, alisimama mlangoni mwa chumba kile akashika kiuno.

"Wifi, haya madude ya nini tena? Toa, uweke cherehani."

"Nitatoa," alijibu.

Wifi alipoondoka, aliwasha kompyuta, angalau ajue anatoa nini. Ndege ilitokea kiooni, imeegeshwa kando ya mto, kwenye kipande cha mchanga katikati ya miti. Magurudumu yalikuwa na matope makavu. Mlango wa abiria ulikuwa wazi. Akampigia simu mwanawe, aliyekuwa akifanya kazi mji mwingine.

"Mama, hiyo imetengenezwa kama ya kweli. Inakumbuka," kijana alisema. "Ukiizima na matope, utaikuta na matope. Hapo ndipo baba alipoiacha."

"Hata mafuta?"

"Hata mafuta. Ni yaleyale aliyobakiza."

"Sasa mbona kaiacha mbali hivyo?"

"Alijua atairudia, mama."

Usiku ule hakupata usingizi. Kesho yake alimwomba mwanawe amfundishe kuirudisha kwenye uwanja wake wa nyumbani. Kijana alimfundisha kwa simu, kwa ndege nyingine ya mazoezi, ile ya baba isije ikavunjika. Aliparamia miti, akatumbukia ziwani, mara moja akasimamisha ndege miguu juu kama mende. Dukani hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Mjane mzima, anajifunza kurusha ndege isiyokuwepo!

Ikafika Jumamosi. Alifunga mlango wa abiria, akawasha. Injini ilikohoa, ikatoa moshi, ikashika. Aliiacha ipate moto kwanza, kama alivyoelekezwa, kisha akasukuma wenzo wa kuongeza kasi. Mchanga ulimtikisa, miti ikamjia, halafu ghafla ikawa chini yake.

"Nimeruka!" alipiga kelele, akageuka pembeni. Hapakuwa na mtu, ila ukuta.

Alizungusha ndege na kutazama chini. Kile kipande cha mchanga kilikuwa kitupu. Moyo ukamshuka. Muda wote ndege ilipokuwa pale, ni kama mumewe naye alikuwa mahali fulani, ametoka kidogo. Alitamani kutua tena, aiegeshe vilevile, lakini mafuta yalikuwa ya kufika tu. Akaendelea. Alipotua uwanjani alirukaruka kama chura, ndege ikapinda, ikasimama upande kwenye nyasi. Ilikuwa nzima.

Akapiga simu.

"Niko kikaoni, mama. Kuna shida?"

"Hapana. Nimefika tu."

"Umefika wapi?"

"Nyumbani."

"Haya mama, pumzika basi."

Hakumlaumu. Alikaa palepale, miguu juu ya pedali, akalia kwa sauti. Siku ya mazishi nyumba ilijaa watu, na kila mmoja alimwambia ajikaze. Safari hii hakuna aliyemwambia.

Cherehani haikuingia chumba kile. Jumamosi mchana huruka mwenyewe, safari fupifupi, hurudi mapema. Upande wa mto haendi.