Nuksi ya Mzee Verlin

"Ukimwona anakuja upande wenu Jumamosi, funga mapazia," Dreama Kinzer alimwambia Tessa, kila mmoja akiwa upande wake wa uzio. "Simsengenyi, jamani. Mzee wa watu hana baya. Ila ana nuksi."

Tessa alikuwa ametoka kutupa nepi, mtoto kamkalisha kiunoni. "Nuksi ya nini?"

"Ya mpira wa kikapu, shoga yangu. Hapa mjini Kokomo kuna nuksi ya kitu kingine?"

Ikamwagika habari yote. Mechi za katikati ya wiki, zile zinazoonyeshwa na kituo cha mkoani, Verlin Prough aliruhusiwa kuzitazama apendavyo. Timu ya mji wetu ilishinda, ilifungwa, kama timu yoyote. Lakini ile mechi kubwa ya Jumamosi jioni, inayoonyeshwa nchi nzima, yenye tarumbeta mwanzoni na watangazaji waliovaa suti, hiyo akiitupia jicho tu, kwisha. Na vijana wetu hawapewi Jumamosi ovyo. Timu za miji mikubwa ndizo zinazoonyeshwa mpaka macho yanachoka. Yetu tunaingojea kama Krismasi.

"Mwaka juzi katazama, tukafungwa," Dreama akaendelea. "Mwaka jana tukamzuia, kumbe amesimama nyuma ya nyumba anatazama kwenye kioo cha dirisha. Kivuli tu cha televisheni! Tukafungwa kwa pointi mbili. Januari hii Arlene akamfungia chumbani, yeye akasikiliza redio. Tukafungwa kwenye muda wa ziada."

"Kwani redio nayo ni kutazama?"

"Kikao kiliamua hivyo."

Kikao kweli kilikaa, kwenye gereji ya Dreama, na wa kwanza kunyoosha mkono dhidi ya Verlin alikuwa Arlene mwenyewe, mke wake. Tangu hapo siku ya mechi kubwa Arlene huificha rimoti ndani ya friza, chini ya mbaazi.

Tessa alicheka, lakini jambo lile lilimkaa rohoni. Alikuwa amehamia mtaa ule na mumewe kiangazi kilichopita, na mtu wa kwanza kugonga mlango wao alikuwa huyo Mzee Verlin. Alikuja na nyundo, akatengeneza ngazi iliyolegea bila kuulizwa, kisha akamtazama Hattie, wakati huo mtoto wa wiki chache tu, akauliza kwa makini, "Huyu anatumia mkono upi?"

Ndivyo alivyokuwa. Miguu yake mirefu kanisani ilimlazimu akae pembeni ya benchi ili aitoe njiani, na kila aliyepita aliiruka. Alikuwa amefanya kazi kiwanda cha giaboksi mpaka kustaafu. Theluji ikianguka, huizoa kwanza chini ya goli la kikapu lililo juu ya gereji yake, halafu ndipo aizoe njia ya mlangoni, na Arlene hubaki amefungiwa ndani akimpigia kelele dirishani. Ujana wake aliwahi kuichezea timu ya shule. Alikaa benchi msimu mzima, akaingizwa mara moja tu, na kiatu kikamvuka. Hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe, tena kwa fahari, maana alipokimbia kukifuata kiatu alimpiga kumbo mpinzani na mpira ukawa wetu.

Watoto wote wa mtaani aliwafundisha kutupa mpira. Leo hii wakubwa hao walioota ndevu ndio waliomtoa nje.

Ikaja Jumamosi yenyewe, mwezi wa tatu, timu ya jiji moja la mashariki imekuja kutuvaa na nchi nzima inatazama. Mume wa Tessa alikuwa zamu ya jioni kiwandani. Tessa akamvalisha Hattie kofia ya njano aliyoifuma Arlene, akaenda gereji kwa Dreama. Televisheni ilikuwa imetundikwa ukutani juu ya mashine ya kukata nyasi. Kulikuwa na nyama ya nguruwe iliyopondwa ikawa bapa, ikakaangwa, kila kipande kimetokeza nje ya mkate kama masikio ya tembo. Lowell Gunnion, jirani wa nyumba ya kona, alikuwa amekaa kwenye kiti ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukikalia, naye hakuruhusiwa kwenda msalani timu ikiongoza.

Siku hiyo angeweza kwenda hata mara kumi. Vijana wetu walikuwa wanachapwa.

Hattie akaanza kulia. Tessa akatoka naye nje, na hapo akaiona pikapu ya Mzee Verlin imeegeshwa barabarani, hita inaunguruma, mzee kakaa ndani anatazama pipa la taka.

Alipomwona akashusha kioo kidogo. "Usiniambie kitu, mwanangu. Hata kwa uso. Geuza uso."

Tessa akageuza uso. "Unapata baridi, mzee."

"Sisikii baridi. Wako nyuma kwa pointi nyingi, sivyo? Usinijibu! Nasikia kimya chao. Tukiwa nyuma kidogo, Lowell hutukana. Tukiwa nyuma sana, hula." Akasikiliza. "Anakula."

Tessa akashindwa kujizuia, akacheka. Mzee naye akacheka kidogo, kisha akapangusa kioo kwa mkono wa koti. "Sikasiriki, ujue. Kama kukaa kwangu huku kunawasaidia vijana, nitakaa. Ila gereji ile nilisaidia kuipaka rangi. Watu wangu wote wamo mle. Unasikia wanavyopiga kelele pamoja? Mtu anakaa mwaka mzima kungojea kelele ile."

Tessa hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Lakini alirudi ndani, ikawa mapumziko, akasubiri Lowell ameze.

"Mzee Verlin yuko ndani ya gari," akasema. "Hajaona kitu. Hajasikia redio. Na bado tunafungwa."

Vichwa vyote vikageukia mlangoni.

"Atakuwa amechungulia," Lowell akasema.

"Nilikuwa naye. Anatazama pipa la taka."

"Pipa la nani?" Dreama akauliza.

"La kwako."

Dreama akakaa chini taratibu. "Basi nuksi imegeuka. Jamani, imegeuka! Sasa kukaa kwake nje ndiko kunakotumaliza."

"Tusikimbilie," Lowell akasema. "Akiingia tukafungwa kwa hamsini, nani atajibu?"

Wakabishana mpaka tangazo la mwisho. Arlene ndiye aliyekata shauri. "Aingie kinyumenyume," akasema. "Mwili uwe ndani, macho yawe nje. Nimeishi naye miaka mingi, akigeuka nitampiga kwa sufuria."

Mzee Verlin akaingizwa kinyumenyume kama fenicha. Akakalishwa juu ya ndoo ya rangi, uso ukitazama reki na majembe yaliyotundikwa ukutani. Akampokea Hattie, ambaye alitulia papo hapo, kidevu begani kwa mzee, macho kwenye televisheni. Hivyo mtoto akawa anatazama mechi, na mzee anatazama reki.

Mchezo ukaanza tena. Watu wakapiga kelele ghafla.

"Nini? Nini?" Mzee Verlin akauliza. Hakuna aliyemjibu, kila mtu macho yamemtoka. "Tessa! Mwanangu, niambie!"

"Mimi sijui mpira, mzee."

"Sema unachokiona!"

Tessa akatazama. "Yule mwenye kitambaa kichwani kamnyang'anya mwenzake mpira. Wala hakumwomba radhi."

"Ana jezi gani?"

"Ya njano."

"Wetu huyo! Endelea!"

"Kampa yule mwembamba. Mwembamba anafikiri. Bado anafikiri..."

"Asifikiri!"

"Kaurusha. Umeingia. Bibi mmoja mstari wa mbele kamwaga bisi zote."

Mzee Verlin akafumba macho na kutabasamu kama mtu aliyetumbukiza miguu yenye baridi kwenye maji ya uvuguvugu. Tangu hapo hakumwachia. Tessa akamwambia kwamba kocha wao amefungua kifungo cha shati. Kwamba jitu lao refu linachechemea lakini linaficha, kama mtoto asiyetaka kupelekwa nyumbani. Kwamba refa anaogopa. Na vikapu vikaendelea kuingia, kimoja, kingine, mpaka Lowell akaacha kula na kuanza kutukana, na Mzee Verlin aliposikia tusi la kwanza akainua mkono mmoja juu, maana alijua tumewakaribia.

Zikabaki sekunde chache. Tuko nyuma kwa pointi moja, na yule mwembamba kapewa mitupo miwili huru.

"Kasimama mstarini," Tessa akanong'ona. "Anajipangusa mikono kwenye kaptura. Ana uso wa mtu anayetaka kwenda msalani."

"Ndio uso wenyewe huo," mzee akasema. "Ndio uso wa kuutia mpira."

"Umeingia."

Lowell akakishika kiti chake kwa mikono miwili.

"Anaudunda. Kaacha kudunda. Mzee, safari hii hafikiri kabisa. Umeingia!"

Wale wa mashariki wakarusha wa mwisho kwa pupa, ukagonga chuma, basi. Gereji ikalipuka. Arlene alimkumbatia mumewe kwa nyuma, mikono imemzunguka shingo, huku akipiga kelele, "Usigeuke! Usigeuke bado!" Dreama akamziba macho kwa taulo la jikoni mpaka likaanza tangazo la sabuni ya magari. Ndipo wakamgeuza. Mzee Verlin akalitazama tangazo lile la sabuni tangu mwanzo hadi mwisho, machozi yanamtiririka, na watu wake wote wamemzunguka wanampiga mabegani.

Walipotawanyika, alimsindikiza Tessa mpaka mlangoni kwake. Hattie alikuwa amelala begani kwa mzee na kofia imemziba jicho moja.

"Nisamehe kwa utangazaji wangu," Tessa akasema. "Dreama kaniahidi atanifundisha. Sheria zote, na majina ya wachezaji, kabla ya mechi nyingine ya Jumamosi. Nisikupotoshe tena."

Mzee Verlin akasimama. Akamkabidhi mtoto polepole asiamke, kisha akamshika Tessa kiwiko, uso umeingia wasiwasi wa kweli.

"Maisha yangu yote nimesimuliwa mpira na wajuzi," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba refa anaogopa. Mwanangu, sijakuomba kitu tangu uhamie hapa. Leo nakuomba kimoja tu. Dreama akija na masomo yake, mpe chai, mwitikie kwa kichwa, ila tafadhali usijifunze."