Mashine Yangu ya Kifundoni

Kazi ya geti huiachi mpaka mwenzako aje kukushikia. Ili aje unamwita kwa redio, na redio inasikiwa na kila mlinzi wa maghala yetu ya vipuri huku ughaibuni, pale Ras Al Khor. Mimi, mwanamke pekee kwenye geti la malori, niliita kila mara, maana mkojo uliponibana haukunipa hata nafasi ya kuvumilia. Wanaume walicheka hewani. Mimi nina hasira za karibu, lakini utagombana vipi huku umebana miguu? Nikaacha kunywa maji kwenye jua lile. Wapi, ikazidi. Msimamizi akaniambia nikiendelea hivyo atanihamishia usafi, na geti lile nilikuwa nimelipigania.

Muuguzi wa kliniki akanipa mashine ndogo ya betri ya kutumia nyumbani. Alinionyesha kubandika kibandiko kimoja juu ya kifundo cha mguu kwa ndani, kingine chini yake karibu na kisigino, kisha kupandisha umeme polepole hadi kidole gumba cha mguu kiruke chenyewe. Mshipa wa fahamu wa hapo, alisema, unasemezana na ule wa kibofu. Aliniambia nisitegemee muujiza, nivumilie wiki kadhaa.

Chumbani kwetu, kwenye makazi ya kampuni, nilijifunika shuka na kuwadanganya wenzangu kuwa mashine ni ya maumivu ya miguu. Kidogo kidogo kibofu kikaanza kunitii.

Halafu ukaja ukaguzi. Kampbosi, ndivyo tunavyomwita mkuu wa makazi, husaka majiko ya umeme, maana kupika chumbani ni marufuku na sisi bila ugali hatulali. Siku hiyo jiko letu lilikuwa limefichwa vizuri, akaambulia mashine yangu na nyaya zake chini ya mto. Kwake chochote cha umeme ni marufuku, akaitia kwenye gunia lake. Mwenzangu mmoja akanitetea kwamba ni ya miguu tu. Akajibu kuwa miguu inapakwa dawa, khalas, yamekwisha.

"Ni ya kibofu," nikasema, kwa sauti yangu ya getini. "Nilikuwa nashindwa kuzuia mkojo. Sasa naweza. Ukiichukua, umenichukulia kazi."

Aliyeinamisha macho ni Kampbosi, si mimi. Akaitoa, akaiweka kitandani taratibu. "Pole, madam," akasema. Madam ni neno tunalowaitia mabosi wetu wa kike. Nililipokea kama langu.

Jioni nilibandika bila shuka. Wenzangu wakakitazama kidole kikicheza, tukacheka hadi machozi.

Asubuhi yake malori yalikuwa kwenye foleni na jua limeshawaka msimamizi alipokuja kuniuliza kama aniitie mtu wa kunishikia. Nikafungua chupa ya maji, nikainywa yote mbele yake.

"Niko sawa, sir," nikamwambia, nikainua kizuizi, lori la kwanza likapita.